Langi ya Bluu

Walisema hataweza. Mwosha chupa wa maabara yetu ya zamani, tuliyemzika Lubaga Jumamosi, alichekwa na wasomi mbele ya uso wake: “Wewe usiye na cheti utajua nini ndani ya figo?” Nami nilicheka, niseme ukweli. Nilikuwa nimerudi kutoka ng’ambo na diploma niliyoilipia kwa kuosha sahani za watu, bila senti ya baba wala ya serikali, na mpaka leo imetundikwa sebuleni kwangu. Yeye alitaka kujua jambo moja tu: vimeng’enya vinavyovunja monoamini, zile kemikali za mwili kama adrenalini, vinakaa wapi katika figo? Kwenye vifundo vinavyochuja damu, au kwenye mirija inayofuata? Ulikuwa utawala wa wanajeshi, na maduka yalikuwa matupu. Mama Mkongo aliyeuza samaki sokoni Nakasero akamwazima barafu, mchinjaji akamwazima figo za mbuzi, nami nikamwazima kichupa cha unga wa rangi niliorudi nao, ambao hugeuka bluu pale kimeng’enya kilipo.

Akiwa njiani kurudi maabara, askari wa kizuizi cha barabarani wakamsimamisha. “Nini iko kwa chupa?”

“Langi, afande.” Ulimi wake wa Kiganda uliigeuza r kuwa l. Na miaka ile Walangi, watu wa kaskazini, walikuwa wakiwindwa na kuuawa.

“Langi? Umeficha Langi wapi?”

“Bado, afande. Nataka kuweka kwa figo.”

Wakacheka, kisha wakampiga. Siku tisa ndani, kwa herufi moja! Hasira haijaniisha, kwa sababu askari yule aliyemuuliza alijua vizuri rangi ni nini. Alitaka tu mtu wa kupiga. Walimuuliza tena na tena nani alimpa kichupa. Mimi nilikuwa nyumbani, nimejifungia na diploma yangu. Hakunitaja.

Alirudi bila meno ya mbele, kichupa kikiwa mfukoni. Walidhani ni sumu, hakuna aliyethubutu kukifungua. Wiki ile ile akaazima tena figo na barafu, akazikata figo vipande vyembamba, akavitia rangi, akawaita wote waliomwazima. Mirija ilikuwa bluu, hasa ile inayoanzia kwenye vifundo. Vifundo vyenyewe vilibaki karibu vyeupe. Mama Mkongo akainama kwenye hadubini: “Eh! Iko kama mito!” Mchinjaji akatikisa kichwa: “Kumbe mali hii nauza bei ya matumbo!”

Wasomaji wangu, diploma yangu inasema nilifaulu mtihani. Mtihani alioufaulu yeye, mimi niliukimbia.

Siku hiyo alimlipa kila mtu. Mimi alinirudishia kichupa kitupu. Alikuwa amekiosha.