Kumfuata Dada Lima

Hakuna kitu ambacho kingeweza kunishangaza tena duniani, na nasema hivyo bila kujisifu. Nimeshuka mashimo ya dhahabu ya Mwakitolyo kwa kamba, yale tunayoita maduara. Nimefukiwa na kifusi asubuhi, nikatolewa jioni, kesho yake nikashuka duara lile lile. Leo nina karasha tatu za kusagia mawe na nyumba ya wageni mtaani Nyasubi, Kahama, yenye vyumba kumi na vinne, vyote vina maji ya moto. Shule niliishia darasa la nne, na wenye digrii wananiita bosi. Kwa hiyo nilipoambiwa nifunge safari kwenda Amerika ya Kusini, sikuuliza ni wapi. Niliuliza nauli.

Aliyenituma ni mama yetu, yuko Ushirombo, miguu imekataa ila macho bado yanaona. Dada yangu mkubwa ni sista. Aliingia utawani mimi bado nachunga ng'ombe, shirika lake likampeleka Peru kufundisha watoto, akakaa huko mpaka akaota mvi. Likizo alikuja mara mbili tu. Sasa habari ikaja kwamba amepata kiharusi, upande wa kushoto wote.

"Kamlete," mama akasema. "Nimwone kabla sijafa."

Hakulia. Alisema kama anayeagiza chumvi dukani.

Nyasubi walinicheka, maana mji wenyewe unaitwa Lima. Jirani yangu muuza vipuri akawatangazia wa kijiweni kwamba huyu bwana alikimbia jembe la baba yake Ushirombo, amefika mpaka ng'ambo, na huko nako wanamwambia lima. Nikawanunulia soda, nikaondoka.

Nilibadilisha ndege tatu. Mji niliokuta ni wa kijivu. Siusemi vibaya, una barabara nzuri na bahari kubwa, lakini mbingu yake imeshuka mpaka kwenye mapaa kama mfuniko wa sufuria, na haufunuliwi. Mvua hainyeshi. Sisi watu wa Shinyanga tunaujua ukame, ila wetu ni wa kutazama juu, kupiga hesabu, kugombana na wingu lililopita. Wale hawatazami. Nyumba hazina bati, juu ni sakafu tu, wameweka matangi na mbwa na nguo ambazo hazikauki. Mimi nilitazama juu mwanzoni, baadaye nikaacha.

Daktari alisema dada asipande ndege mpaka ipite miezi kadhaa. Kurudi mikono mitupu mimi sijazoea. Nikapanga chumba juu ya duka la mikate, mtaa wa pili kutoka kwa masista, nikanunua kitanda, jiko la gesi na sufuria, nikawa mkazi. Unga wa ugali niliutafuta sana. Nilioupata ni wa mahindi yaliyokwisha kupikwa kiwandani, ukiusonga unakuwa kama gundi. Niliula hivyo hivyo. Mdomo haukukataa wala haukufurahi.

Siku ya kwanza nilimkuta dada uani, kwenye kiti cha magurudumu, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nikasema shikamoo dada. Akanitazama. Neno alilijua, ila jibu lake alilitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya mkoba. Akaniuliza habari za safari, akamuulizia mama, tukala wali na viazi vilivyopakuliwa sahani moja, na niliposimama kuondoka ndipo akasema, "Marahaba."

Nilitegemea kulia njiani. Nilifika chumbani, nikavua viatu, nikalala.

Lugha niliiona kazi ndogo. Kisukuma nilizaliwa nacho, Kiswahili nilikiokota barabarani, Kiingereza nina cha kutosha kuuzia dhahabu. Nikaanza kuwaita watu kama ninavyowaita kwetu. Mlinzi wa geti la masista, mtu wa rika langu, kila asubuhi nikampa "kaka, mambo." Mzee mwenye duka la mikate nikamwita "baba," kwa heshima zote. Yule mlinzi akaanza kutazama pembeni nikipita. Mzee naye, kila nikimwita, anajifuta mdomo. Dada ndiye aliyenieleza, akicheka kwa upande mmoja wa uso. Kwa lugha ile, baba ni udenda. Na kaka ni mavi.

"Miezi miwili unamwita mwenzako mavi, mdogo wangu."

"Na hajanipiga?"

"Ana adabu. Alidhani ndiyo salamu yenu."

Tulicheka wote wawili. Tangu hapo nikaacha kuita watu. Nanyoosha kidole kwenye mkate, naweka hela, naondoka. Mimi ambaye nikifika kwenye mialo ya kuoshea dhahabu Kahama nzima watu wanasimama, nikawa namaliza wiki sijaitwa na mtu wala sijamwita mtu, isipokuwa dada. Katikati ya mji kuna mtaa ambapo wanaume wanavaa mabango shingoni wakitangaza kununua dhahabu. Nilikwenda, nikachungulia mizani yao dirishani. Ni ile ile tunayotumia sisi. Sikuingia.

Basi daktari akaruhusu. Nikamkatia dada tiketi, kiti cha dirishani jirani na changu, pamoja na watu wa kumsukuma kwenye kila uwanja. Nikampelekea habari uani. Alikuwa na sista mwenzake, mzee, anamenya njegere. Nikasema dada, Jumanne tunaondoka. Yule mmenyaji akarudia taratibu, "dada, dada," akamtazama mwenzake, akasema maneno. Nikauliza, na huyu nimemtukana nini?

"Hilo si tusi," dada akasema. "Kwao dada ni kitu cha kike kilichotolewa. Kilichopewa mtu."

Akauchukua ule mkono wenye ganzi, akauweka mapajani kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.

"Wanakusikia unaniita hivyo kila siku. Wanaona unajua."

"Najua nini?"

"Mama alinitoa, mdogo wangu. Siku ya nadhiri alinishika mkono mwenyewe mpaka altareni, watu wanapiga vigelegele, ng'ombe wamechinjwa. Sasa nirudishwe kama sufuria ya kuazima?"

Nikamwambia mama anataka kumwona, basi. Nikamwambia nyumba ya Ushirombo nimeijenga upya, choo kiko ndani, mfanyakazi yupo. Akatikisa kichwa, nami nikafanya ninachokijua, nikapandisha bei. Nitakujengea kikanisa uani. Nitamleta na huyu mwenzako, nimlipie kila kitu. Alinisikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya nyumba ya pili. Yule mwingine aliendelea na njegere zake.

"Siendi," akasema mwishowe. "Na usimsingizie daktari. Mwambie mama nimekataa mimi."

Nilingoja nikasirike. Nilimwinamia, akaniwekea mkono mzima kichwani, nikatoka. Jumanne nikapanda ndege. Kiti cha dirishani kilikaa kitupu, na mhudumu akaniuliza kama ningependa kusogea. Nikamwambia nipo sawa.

Nilitua Mwanza nikaenda moja kwa moja Ushirombo bila kupita kwangu. Mama alikuwa kitandani, mlango wameuacha wazi ili aone barabara. Alimtazama dereva akishusha begi. Aliendelea kulitazama gari hata baada ya dereva kufunga mlango. Ningeweza kusema daktari alikataza, angeamini, na wadogo zangu wote walinishauri hivyo kwenye simu. Nikamwambia amekataa mwenyewe. Nikamwambia na sababu, kwamba alikwisha kutolewa, na aliyemtoa ni nani.

Mama alinyoosha shuka magotini. Akauliza kama anakula. Nikasema anakula vizuri, wanampenda. Akauliza kama hela ya tiketi yake wamenirudishia. Nikasema tiketi ya namna ile hairudishwi.

"Ilikuwa shilingi ngapi?"

Nikasema milioni nne, laki tatu na elfu themanini na tano.