Tope Chini ya Mtungi

Wiki chache zilizopita mjukuu wangu alirudi kutoka shuleni na chupa tatu za plastiki zilizojaa maji ya mto, akazipanga kwenye ukingo wa baraza langu hapa Garsen, akaniambia nisiziguse. Nyuma yake walikuja wenzake wawili wa Gredi ya Nane: msichana ambaye baba yake ana duka karibu na stendi, na mvulana wa kifugaji mwenye maneno mengi. Mwalimu wao wa sayansi alikuwa amewapa kazi ya kuandika ripoti ya utafiti, na wao wakachagua swali hili: maji ya Mto Tana hubeba tope kiasi gani? Ripoti itakayopendeza kuliko zote ingepelekwa kwenye maonyesho ya sayansi ya kaunti kule Hola, na wenyewe wakaisome mbele ya watu. Sijawahi kumwona mjukuu wangu akitaka kitu kama alivyoitaka safari hiyo.

Mimi nilifika kidato cha nne, na katika nyumba yetu hilo linatosha kuniita msomi. "Babu, tusaidie kuandika," akasema. "Lakini usituandikie." Nikacheka. Nikafungua kifuniko cha chupa moja ili ninuse, na hapo, rafiki yangu, Garsen ikanipotea. Ilikuwa harufu ya udongo uliolowa na majani yaliyooza, na ndani yake kitu kama chuma. Nilikuwa mtoto tena, kwa bibi yangu, upande wa Kulesa, miguu mitupu juu ya sakafu ya udongo, nikiogopa kupiga chafya.

Kwa bibi palikuwa na mitungi miwili, mmoja wa kutulizia maji na mwingine wa kunywea. Asubuhi tulishuka mtoni pamoja na wanawake mpaka penye uzio wa miti iliyochomekwa majini kuzuia mamba, tukateka humo humo, na hakuna aliyethubutu kutoa mkono nje ya uzio. Wakati wa mto kujaa, maji yalikuwa mekundu na mazito kama chai ya maziwa iliyosahauliwa jikoni. Ukitua ndoo kichwani ungeapa ulibeba uji. Tuliyamimina kwenye mtungi wa kwanza, bibi akafunika kwa kawa, na tangu hapo nyumba nzima ilitembea kwa ncha za vidole. Hapakuwa na kukimbizana wala kuruka kamba karibu na kuta. Bibi angeweza kuwa uani akipepeta mpunga, amekupa mgongo, lakini hatua zako alizisikia.

"Mto umelala," alisema bila kugeuka. "Usiuamshe."

Nilikuwa mdogo kiasi cha kuamini. Niliinama karibu na mtungi nikisikiliza kama mto unakoroma.

Maji yakishatulia, bibi aliyachota ya juu kwa kata, taratibu, kama mtu anayemfunua mtoto mchanga shuka, akayahamishia mtungi wa pili. Akifika chini alichomeka kidole ndani ya tope na kukitazama. "Leo mto umeleta kidole kizima," alisema, au, "Leo umeleta nusu tu, huko juu hawajapata mvua." Kisha kazi yangu: kulibeba lile tope na kulimwaga kwenye migomba nyuma ya nyumba. Lilikuwa laini kama samli. Nilijipaka miguuni mpaka magotini nikawa nimevaa soksi, na likikauka lilivuta ngozi na kupasuka vipande vidogo vidogo. Ndizi za migomba ile bibi alizipika kwa tui na kambare, na mpaka leo nikila ndizi nazilaumu ndizi bure. Hazina kosa. Ni vile tu hazikulishwa tope.

Alikuwako jirani mfugaji aliyetuletea maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, naye akarudi na mahindi au ndizi. Kabla ya kuondoka aliomba maji, akanywa kata nzima, akajipangusa midomo na kumwambia bibi, "Mama, leo nimekunywa shamba la mtu wa Wenje." Bibi alimjibu kuwa mwenye shamba akija kulidai atamwonyesha tumbo la aliyelinywa. Walicheka mzaha uleule kila mara, na mimi nilidhani watu wa Wenje, huko juu mto unakotoka, kweli wako njiani wanakuja kutafuta mashamba yao.

Mto ulipopita kingo zake na kurudi, uliacha mabwawa madogo mashambani, na ndani ya mabwawa samaki waliosahaulika. Hiyo ndiyo ilikuwa sikukuu yetu. Tuliingia na migono, mitego yetu ya samaki, mpaka kiunoni, tukipiga kelele, wanawake wakipanda mpunga pembeni kwenye udongo mpya ambao ulikuwa bado unang'aa. Usiku hapakuwa na usingizi kwa vyura.

Na ni katika msimu kama huo ndipo mwalimu wetu alipotugawia chupa. Alikuwa kijana, mgeni wa huku, na kila alipovuka mto alibeba baiskeli yake begani kama mbuzi. Aliwapa watoto wa darasa letu kila mmoja chupa tupu ya dawa, ya kioo, akatuambia tuteke maji ya mto kila Ijumaa mpaka msimu uishe, tuyaache yatulie, tupime tope kwa rula, na mwishoni tuandike ripoti. Alitufundisha namna ya kuipanga: swali, ulivyofanya, ulichokiona, ulichojifunza. Alikuwa na swali lake moja la kuudhi. Ukimsomea sentensi yoyote, hata kuwa mamba ana meno, alikuuliza, "Uliona au uliambiwa?"

Mimi nilikuwa na mabwawa na migono. Kupima tope niliona ni sawa na kuhesabu hewa. Tope lilikuwa kila mahali, kwenye mtungi, kwenye miguu, kwenye vitabu. Chupa yangu bibi aliitia samli ya jirani, na Ijumaa zikaja zikaenda. Siku ya kusoma ripoti nilisimama mbele ya darasa na sentensi moja niliyoitunga njiani: mto wetu una tope jingi.

"Jingi kiasi gani?" akauliza mwalimu.

"Jingi kama kawaida, mwalimu."

Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, nikijiona bingwa. Mwalimu alingoja tumalize. "Kaa chini," akasema. "Kawaida si kipimo." Hakunichapa. Siku ile nilimshukuru kwa hilo.

Sasa turudi barazani. Asubuhi yake watoto walikuja na rula. Chini ya kila chupa palikuwa na tope, ndiyo, lakini jembamba kama chapati. Nikawaambia wamekosea. Wameteka ukingoni, penye maji yaliyochoka, waende katikati. Mvulana wa kifugaji akasema, "Babu, katikati kuna kiboko, na kiboko hajui kama tuna maonyesho." Hata hivyo, Jumamosi walipanda bodaboda mpaka kwa mvuvi mmoja, akawatekea katikati kwa mtumbwi wake. Wakarudi na chupa tatu mpya. Yakatulia. Chapati ileile.

Nikawaeleza habari za bibi, za mitungi, za kidole kizima. Walinisikiliza vizuri, maana ni watoto wenye adabu, lakini niliona msichana wa duka akitazama chupa, kisha ananitazama mimi, kisha chupa. Nilijua anachowaza: mzee anatia chumvi. Iliniuma zaidi ya nilivyotarajia. Watoto hawa wamezaliwa kando ya mto, na mto hawaujui. Wanaujua ule unaokaa kimya miaka, halafu unakuja ghafla kwa hasira na kubeba nyumba. Ule uliokuja kwa zamu yake, ukaleta shamba la mtu wa Wenje mpaka mlangoni, waliusikia tu kutoka kinywani mwangu.

Jumatatu walipokuwa shuleni nilifanya jambo la kijinga. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikachimba udongo mwekundu kidogo chini ya mgomba, nikaukoroga kwa maji, nikautia katika chupa moja. Sikukusudia kudanganya kaunti. Nakuapia, wakati ule nilichotaka ni waone kwa macho, hata mara moja, chupa jinsi ilivyokuwa. Nikaifunga, nikaiweka mahali pake, nikakaa mbali nayo kama mlinzi. Ikaanza kutulia, tope likipanda kutoka chini taratibu.

Jioni mjukuu wangu alifika wa kwanza. Akaona. Akapiga ukelele, akawaita wenzake, wakainama wote watatu. "Hii imetoka wapi? Babu, ni kidole! Ni kidole kama cha bibi yako!" Alikuwa tayari ameshika rula na kalamu, uso wote unang'aa, na nilijua anaiona Hola. Nami nikamwacha aandike. Nakumbuka vizuri kuwa nilimwacha.

Mvulana wa kifugaji aliinyanyua chupa juani, akaizungusha. "Ngoja," akasema. "Kuna kitu kinang'aa." Ndani ya tope, kimekunjika, palikuwa na kipande cha karatasi ya peremende, rangi ya zambarau. Peremende za duka la baba yake yule msichana.

"Kumbe mto unanunua kwetu!" msichana akasema. "Na haujalipa!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mjukuu wangu peke yake hakucheka. Alitazama chupa, akaitazama migomba kwa mbali, kisha akanitazama mikono. Udongo ulikuwa bado uko kwenye kucha zangu.

"Babu," akasema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa naandika."

Niliwaambia ukweli wote pale pale. Nikasema, nimetia tope kwa mkono wangu, futeni. Kama mwalimu angekuja kuligundua mbele ya watu, angekuwa mjukuu wangu ndiye amesimama pale, si mimi. Mvulana alijaribu kuniokoa, akasema hata babu yake huongeza maji kwenye maziwa. Mjukuu wangu aliikata sentensi kwa rula, mstari mmoja ulionyooka, akaimwaga chupa nje ya baraza.

Kisha akaketi karibu nami, akafungua ukurasa mpya. "Basi tukuhoji," akasema. "Mwalimu anaruhusu mazungumzo na wakazi, mradi tuandike ni mazungumzo. Zamani tope lilikuwa kiasi gani?"

"Kidole kizima, mto ukiwa umejaa."

"Kidole cha nani?"

"Cha bibi."

"Sentimita ngapi?"

Nilitazama kidole changu mwenyewe, kilichopinda kwa uzee. Vidole vya bibi vilikuwa virefu au vifupi? Navikumbuka vikichambua mchele, vikinifunga kitambaa mguuni, lakini urefu wake siujui. Na mtungi ule ulikuwa mkubwa kiasi gani? "Sijui," nikasema.

"Hakuna aliyepima?"

Nikamwambia aliyetaka tupime alikuwako, na chupa nilipewa, ikatiwa samli. Nikamweleza nilivyosimama darasani na nilichomjibu mwalimu. Nilidhani atacheka kama walivyocheka wenzangu. Aliandika tu. Nikamwambia tope linabaki kwenye mabwawa ya umeme huko juu, aandike na hilo. Akatikisa kichwa. "Hilo sisi hatukulipima, Babu. Na tumeteka wakati wa kiangazi tu. Tutaandika hivyo."

Ripoti imeshapelekwa kwa mwalimu. Kama itafika Hola, bado hatujui. Nakala yake aliniachia, nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma kitu chochote tangu niache kazi kule Bura. Ni kurasa chache, safi, zimepangwa vilevile: swali, walivyofanya, walichokiona, walichojifunza. Karibu na mwisho nimo mimi. Utoto wangu wote, uzio wa mamba, migono, jirani na kibuyu chake, bibi na kidole chake, umekuwa sentensi moja: "Mzee mmoja alituambia kuwa zamani tope lilikuwa jingi zaidi, lakini hakulipima." Sikuona neno la kusahihisha.

Mwaka jana nilipita kwa bodaboda pale palipokuwa kijiji cha bibi. Mto ulishahama zamani. Uliacha bonde kavu ambalo mathenge, ile miti ya miiba, yamelijaza, na mbuzi wa mtu walikuwa wakila maganda yake mahali ambapo nadhani palikuwa jikoni. Nilitafuta hata kigae cha mtungi. Labda nilikuwa nimesimama juu yake.

Chupa moja ya watoto imebaki kwenye ukingo wa baraza. Sijaigusa. Ukiitazama dhidi ya jua unaona barabara yote ya Garsen kupitia maji yale, bodaboda, wanawake na mizigo yao, watoto wa shule. Bibi angeyaona angefurahi sana. Angesema haya yako tayari, leteni kata, hakuna haja ya kungoja. Ni mimi tu ninayepita karibu nayo kwa ncha za vidole.