Paa Lililosomwa Bungeni

Watu wengi hudhani majibu yanayosomwa bungeni huandikwa Dodoma, na watu wenye suti, kwenye ofisi zenye viyoyozi. Mengi huandikwa na watu wa aina yangu. Mimi ni afisa takwimu wa elimu katika halmashauri moja ya mkoa wetu wa Ruvuma. Nina meza ambayo mguu wake mmoja umewekewa kabari, kompyuta inayowaka ikipenda, na koti ambalo kuanzia Mei silivui mpaka Agosti kwa sababu ya baridi. Kila asubuhi natoka nyumbani Mfaranyaki kwa bodaboda, naenda kujaza majedwali ya madawati ambayo sijawahi kuyakalia.

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Mbunge anauliza swali kuhusu shule fulani. Swali linakwenda wizarani, wizara inaliteremsha mkoani, mkoa unalileta kwetu, na kwetu linaishia mezani kwangu kwa sababu chini yangu hakuna mtu mwingine wa kumtupia. Huja kwa WhatsApp, limepigwa picha ya kupinda, na chini yake maneno yale yale: jibu lifike kabla ya saa nane mchana. Naandika jibu. Naandika na majibu ya maswali ya nyongeza ambayo mbunge anaweza kuuliza akisimama mara ya pili, maana waziri hapaswi kushtukizwa. Kisha karatasi inapanda ngazi zile zile ilizoshukia, na baada ya wiki kadhaa nasikia redioni sauti nzuri ya mtu nisiyemjua ikisema Serikali inatambua, Serikali inaendelea, kadiri ya upatikanaji wa fedha. Zamani nilikuwa nafurahi nikiyatambua maneno yangu. Siku hizi nikiyasikia napunguza sauti.

Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, akanilea mdogo wake. Mama mdogo bado anaishi kijijini, kando ya barabara kuu ya kwenda Namtumbo. Shule ya msingi iko upande wa pili wa barabara hiyo, na barabara hiyo ndiyo ya malori ya makaa ya mawe. Yanapita mchana kutwa, marefu, yamefunikwa maturubai, na dereva akiwa kwenye mteremko hata akitaka kusimama hasimami pale alipotaka. Mtoto wa jirani aligongwa akiwa darasa la kwanza. Alipona, lakini mguu haukurudi sawa. Wiki iliyofuata mama mdogo alikwenda kwenye mkutano wa kijiji, akasema anatoa shamba lake la maharage lililo pembeni ya nyumba ili ijengwe shule shikizi, vyumba viwili tu vya watoto wadogo, wasivuke barabara mpaka wapate akili ya kuvuka.

Kwetu shule hujengwa hivi: wananchi wanainua kuta mpaka usawa wa lenta, juu ya madirisha, halafu Serikali inaezeka. Kuta hizo zikingoja paa tunaziita boma. Kijiji kilichoma matofali, wanawake wakasomba maji na mchanga, mama mdogo akiwa mbele na ndoo yake, na umri ule. Boma likasimama. Lilijengwa kwa udongo badala ya saruji, kwa hiyo kila mtu alijua kuwa halitavumilia masika mengi bila paa.

Sasa nieleze kosa langu, na nitalieleza bila kulipamba. Sisi watu wa takwimu tuna tabia moja. Jedwali la robo mwaka huchukua muda kufika juu, basi hatujazi mambo yalivyo leo, tunajaza yatakavyokuwa jedwali likifika. Darasa ambalo fundi anaanza kupiga plasta kesho, tunaandika limepigwa plasta. Mara nyingi hakuna anayeumia. Robo ile bati za boma la mama mdogo zilikuwa tayari stoo, zimeandikwa kwa chaki jina la kijiji, mbao za kenchi zimenunuliwa, fundi amekubali. Kwenye safu ya hatua ya ujenzi nikaandika: limeezekwa. Hakuna aliyeniagiza. Niliandika kwa furaha hata, kwa sababu ni kwetu.

Siku chache baadaye likaja agizo kwamba kuna shule nyingine inatembelewa na kiongozi na paa lake halijatimia. Gari likaja stoo, likabeba bati na mbao, chaki na vyote. Nilijiambia nitarekebisha jedwali robo ijayo. Robo ijayo ilikuwa na mambo yake.

Wanakijiji walipochoka kungoja walimbana mbunge wa jimbo lile alipopita, na sifa yake nimpe, swali alilipeleka. Likashuka mpaka kwangu siku ya Alhamisi, saa sita imeshapita. Je, ni lini Serikali itaezeka boma la shule shikizi ya kijiji hicho? Nikafungua jedwali. Limeezekwa, mwandiko wangu.

Nilikwenda kwa bosi wangu. Ni kijana aliyehamia kutoka mkoa mwingine, mstaarabu, hunisalimia shikamoo kila asubuhi kabla hajakaa. Nilimweleza yote. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

“Mama, wizarani wanalo jedwali letu tayari,” alisema. “Jibu likitofautiana na jedwali watatuuliza lipi kati ya hayo mawili ni la uongo.”

“La uongo ni jedwali.”

“Najua. Lakini ndilo lililosainiwa.” Akavaa miwani. “Andika kama lilivyo kwenye jedwali. Tutahangaika tupate bati, tuezeke kabla halijasomwa.”

Sitamsingizia. Yeye alisema, vidole vilivyoandika vilikuwa vyangu. Niliandika kwamba boma hilo limekwisha kuezekwa kwa ushirikiano wa wananchi na Serikali, nikaongeza jibu la swali la nyongeza kuhusu madawati, nikatuma saa nane kasoro dakika chache. Bati hatukupata.

Siku swali lilipopangiwa kusomwa niliomba ruhusa, nikasema nakwenda kukagua shule. Nilikwenda kwa mama mdogo. Nilitaka kumwambia kabla redio haijamwambia. Nilipofika nikakuta majirani wamejaa barazani, wamekuja kusikia kijiji chao kikitajwa, na mama mdogo amepika chai ya watu wote. Nilikaa nao, nikapewa ungo, nikaanza kuchambua maharage.

Saa tatu Bunge likaanza. Waziri mmoja aliulizwa kuhusu mahakama ya mwanzo isiyo na hakimu, watu wanasafiri kutwa nzima kufuata kesi ya kuku. Mwingine akaulizwa fedha za barabara zilikokwenda, akajibu kwa urefu bila kusema zilikokwenda. Halafu likaja la kwetu. Mbunge mwenyewe hakuwepo siku hiyo, kwa hiyo mwenzake wa jimbo la mbali alisimama kuuliza kwa niaba yake. Naibu Waziri akajibu kama ifuatavyo, na yaliyofuata yalikuwa maneno yangu, nukta kwa nukta. Boma limekwisha kuezekwa. Yule mwenzake akashukuru kwa majibu mazuri, akatumia swali la nyongeza kuulizia daraja la kwao.

Kwanza watu walicheka. Toka barazani boma linaonekana lote, na siku ile ndani yake kulikuwa na mbuzi wawili na anga. Mzee mmoja akasema labda sisi macho yetu yana shida. Kisha kicheko kikaisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakiaga kwa adabu, vikombe wakiviacha nusu.

Mama mdogo alisubiri mpaka wa mwisho ametoka getini.

“Huyu mheshimiwa hajawahi kufika hapa,” alisema. “Nani kamwambia?”

“Mimi, mama mdogo.”

Aliuvuta ule ungo, akaanza kuokota mawe kwenye maharage. Baadaye akauliza, “Bati uliziona wapi, mwanangu?”

“Stoo.”

Hakunikemea. Angenikemea ningejua pa kuanzia. Alisema tu kwamba chai imepoa, akaenda kuipasha moto.

Niliandika barua ya masahihisho mara mbili. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili bosi aliirudisha mkononi mwangu, akafunga mlango, akaniuliza kwa upole kama nataka Naibu Waziri aonekane amelidanganya Bunge kwa sababu yetu. Nilimwambia amelidanganya kweli. Akasema ndiyo, mama, lakini bila kujua. Kulikuwa na tatizo jingine, na hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Bajeti ya kukamilisha maboma hugawanywa kwa kufuata jedwali, na jengo lililoezekwa halihesabiwi kuwa boma. Kwa kitabu, kijiji kile hakikuwa na kitu cha kuezekwa. Niliwaza kuwa nimelifunika lile boma kwa karatasi, na karatasi haizuii mvua. Nilikuwa nafika nyumbani jioni, nalala na koti.

Mvua zilianza Novemba. Kona moja ya boma ikalika, tofali za juu zikaanguka ndani. Ndipo mtu mmoja pale ofisini, mzoefu kuliko mimi, akatoa wazo, nasi sote tukaona ni wazo zuri, jambo linaloonyesha tulikuwa tumefika wapi. Kwa kuwa paa limo kwenye kumbukumbu, kinachotakiwa ni kuliondoa. Ifanywe taarifa ya maafa: upepo mkali umeezua paa la shule shikizi. Kwa maafa bati hupatikana haraka. Taarifa inahitaji saini ya mtendaji wa kijiji, ya mwenyekiti wa kamati ya shule, na ya shuhuda mmoja anayeishi jirani na jengo.

Anayeishi jirani na jengo ni mama mdogo tu.

Nilimpelekea karatasi mwenyewe, ndani ya mfuko wa nailoni isilowe. Aliisoma yote, kidole kikifuata mistari. Alisoma mpaka darasa la nne kwa masista, na hasaini asichokisoma.

“Niseme upepo umechukua bati,” alisema.

“Ndiyo.”

“Bati ambazo hazikuwahi kufika.”

“Ndiyo, mama mdogo.”

“Na wewe ndiye uliyeandika kwamba zilifika.”

Niliitikia kwa kichwa. Nilikuwa na aibu, nilikuwa na hasira pia, na hasira yenyewe sikujua niielekeze wapi, maana kila nilipoigeuza ilinirudia mimi. Pale pale watoto wakatoka shule ng’ambo. Walisimama ukingoni mwa lami kwenye mvua, wakubwa wamewashika wadogo mikono, lori likapita likawarushia maji meusi, wakavuka mbio. Mama mdogo aliwahesabu kwa midomo mpaka wa mwisho. Nilitambua kwamba hufanya hivyo kila siku.

“Nikitia saini, wataezeka lini?”

“Kabla ya shule kufunguliwa Januari.”

Aliniomba kalamu. Alisaini taratibu, herufi za kuunganisha, zile walizofundishwa zamani, jina lote mpaka la ukoo. Kisha akanirudishia karatasi, akaniambia niwahi usafiri.

Bati zilikuja. Kuta zilirekebishwa kwa saruji safari hii, kenchi zikapigwa, na Januari watoto wa chekechea na darasa la kwanza waliingia ndani ya vyumba viwili vilivyonuka mbao mbichi. Mama mdogo aliwashonea mapazia. Ofisini tulipongezwa kwa kushughulikia maafa kwa wakati. Nilipiga makofi na wenzangu. Nilijisikia vibaya, lakini pia nilifurahi, sitasema uongo mwingine kuhusu hilo.

Jumapili ya kwanza baada ya hapo nilikwenda kusali naye kigangoni, maana ilikuwa zamu ya padre kuja kuadhimisha misa pale. Padre alitangulia kuungamisha nje, kwenye benchi, kabla ya misa; mama mdogo alipita mbele yake akamsalimia, akaingia ndani. Sikulitilia maanani. Wakati wa komunyo ulipofika niliinuka kwa mazoea, nikarudi nyuma hatua moja ili atangulie, kama ilivyokuwa siku zote tangu nikiwa msichana. Hakuinuka. Alisogeza magoti pembeni nipite. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona akibaki kwenye benchi, hata mwaka ule aliougua akaja akiegemea bega langu.

Nilimwinamia nikamuuliza kama anaumwa.

“Siumwi,” alisema. “Nimetia saini uongo na sijauungama. Padre ataniuliza kama najuta, na mimi sijuti, watoto wako ndani. Nenda wewe.”

Watu nyuma yangu walikuwa wananisubiri nisogee. Nilisimama pale kati ya mabenchi, nikijaribu kukumbuka, katika miaka yote hii ya kuandika majibu ya mawaziri, kama kuna Jumapili hata moja niliyobaki nimekaa. Haikuwepo.