Madebe Mawili kwenye Udongo wa Bibi

Pwaaa! Nikikiita kishindo nitakuwa najipa heshima, maana ilikuwa sauti ya uji mzito unaomwagika, na hadi leo mtu akimwaga uji nageuka upesi kama nimeitwa. Aibu yenyewe ni yangu, bora niisimulie mimi kabla rafiki yangu Yustina hajaitia chumvi.

Mwaka ule wa vijiji vya ujamaa tulihamishwa kutoka milimani Busunzu tukapangwa kando ya barabara, viwanja vimepimwa kwa kamba. Bibi yangu, aliyenilea, alilala kwenye kibanda cha nyasi, kifua kinambana na mvua zinakaribia, kwa hiyo majirani wakakubali nyumba yake itangulie. Naye akapika pombe ya ndizi (kwetu hujengewi kwa asante tupu), kwenye chungu alichokibeba kichwani toka mlimani akikataa kipandishwe lori.

Matofali mabichi, yasiyochomwa, yalikuwa yamekwisha kauka. Sisi wasichana tulikanyaga udongo wa kuyaunganisha, na Bibi alinifundisha kabisa:

"Mwananje, mjukuu wangu, finyanga donge, liangushe toka gotini. Likitapakaa kama mavi ya ng'ombe, maji yamezidi. Likiwa vumbi, hayajatosha. Likivunjika vipande vitatu vinne, mpe mjengaji."

"Ndiyo, Bibi."

Ndiyo ya mdomoni! Mwalimu mmoja mgeni alikuwa akifungua redio dirishani kila alasiri, nami kwa darasa langu la nne nilikwisha amua kuwa mtangazaji, sasa udongo mgumu unachosha miguu na saa ya redio inakaribia, nikaongeza debe la maji, ukalainika, nikaongeza la pili, nikawa nacheza tu mle ndani. Donge sikuangusha.

"Wee, huu udongo au mlenda?" akauliza baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa anajenga.

"Wasikilizaji wapenzi, huu ndio unaoshika!" nikamjibu kwa sauti ya redioni. Watu wakacheka, naye akacheka, akapandisha matofali harakaharaka kwa sababu wingu lilikuwa limetanda upande wa Mabamba.

Ukuta ulipofika usawa wa kichwa, tope likaanza kutoka katikati ya matofali kama jasho. Mimi niliona. (Nikasema moyoni, litakauka.) Mwenyekiti wa kijiji akaja kusifu, akaupiga kofi dogo kama mtu anayesifu ng'ombe, ukuta ukatoa tumbo, watu wakaruka, pwaaa! Hakuumia mtu, ila chungu cha Bibi kilikuwa chini yake.

Pombe ikachanganyika na tope. Kisha Yustina: "Haya mtangazaji, tutangazie!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Bibi hakucheka, aliokota kipande cha mdomo wa chungu akakipangusa kwa kanga.

"Ni mkono wangu, mama," baba mdogo akasema. Nami nikanyamaza.

Mvua ilianza jioni ile ile, matofali yaliyobaki yakarudi kuwa tope, na kila mtu akakimbilia kwake. Bibi akaendelea kukohoa kwenye kibanda chake cha nyasi. Siku walipombeba kwa machela kwenda hospitali ya Kibondo nilitembea pembeni yake, akanishika mkono.

"Donge uliliangusha?"

"Niliangusha, Bibi."

"Basi ni udongo wa huku. Hatujauzoea."

Hakurudi. Ukuta watu wangeusahau, ila uongo ule Bibi alikwenda nao, akailaumu ardhi ya watu kwa ajili yangu. Toka siku ile sisemi ndiyo kwa kitu ambacho mikono yangu haijakifanya, hata kiwe kidogo.

Mvua zilipokatika nilikwenda peke yangu kwenye kiwanja chake. Nikalowesha udongo kidogo kidogo kwa kiganja, nikafinyanga donge, nikaliangusha toka gotini. Likatapakaa. Nikaongeza udongo mkavu, nikafinyanga tena, nikaliangusha.

Vipande vitatu. Nikaviokota, nikavipanga pale mlango ulipotakiwa kuwa.