Mama Alituruhusu Nyundo Tu

Mpaka leo nikimsikia mtu akisema "sisi ni timu moja", natazama mlango uko wapi. Nisameheni. Niliwahi kuwa katika timu moja, na hamu yake iliniisha.

Tulikuwa watatu, wanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo cha sanaa za jukwaani huku Changamwe. Mimi nilishika taa. Rafiki yangu wa Chaani, binti wa mfanyakazi wa bandari, alishika sauti. Wa tatu alikuwa kijana mpole wa Likoni, yeye alishika picha na maandishi yanayorushwa ukutani. Waigizaji walikuwa wengine; sisi tulikaa nyuma ya ukumbi, meza zetu tatu zimegusana. Mtihani ulikuwa wa pamoja na alama moja kwa wote. Akiharibu mmoja, tumeharibu sote.

Kwa hiyo tukajitungia desturi. Makundi mengine yalikuwa na mtu wa kuita: taa sasa, sauti sasa. Sisi tulimwona wa nini. Sauti ilitangulia, taa yangu ikaifuata kwa sikio, na picha ikafuata taa. Tulifanya mazoezi hadi mkono wangu ukawa unapanda kabla sijafikiri. Sheria ilikuwa moja tu, tumeiandika kwenye utepe na kuubandika mezani: usiguse meza ya mwenzako.

Nikirudi nyumbani Kisauni, mama nilimjaza masikio kwa habari hizi. Nilimwambia sisi watatu ni mtu mmoja, hakuna anayefanya lake mwenzake asijue. Mama alichambua mchicha wake, akaniitikia, "Haya, mwanangu." Majigambo yale yalinipendeza sana kuyasema.

Mchezo wetu ulihusu wanawake wanaoponda kokoto. Wazo lilikuwa langu, maana mama amenilea kwa kokoto za Mwakirunge. Nilimwomba tumrekodi akiwa kazini. Alifikiri siku mbili, kisha akasema nyundo turekodi, lakini uso wake tusipige picha, na maneno yake yasisikike kokote. Nikamwahidi. Nikawaambia wenzangu, nao wakaahidi.

Tulikwenda Mwakirunge mimi na rafiki yangu. Alivaa hedfoni zake, akapiga magoti vumbini, akainasa ile nyundo kwa mbali na kwa karibu, na mama akampenda papo hapo. Nilikwenda dukani kuwatafutia maji. Niliporudi mama alikuwa akimwambia, "Hiyo ifute, mwanangu." Rafiki yangu akabonyeza rekoda. "Nimeshafuta, mama." Nikauliza kulikoni. Wakacheka wote wawili, wakasema ni mazungumzo yao. Nilifurahi kuona wanapatana, wala sikudadisi.

Mtihani ulikuwa alasiri ya Jumamosi. Mama alikuja na akina mama sita wa kanisani kwake, wote wamevaa sare zao za chama. Katika chama kile mama ndiye mwanzisha nyimbo. Husimama mbele na kitabu cha nyimbo mkononi, akifungua ukurasa taratibu, na wengine humngoja. Siku hiyo alikaa katikati yao safu ya pili. Nilimwona akigeuka mara mbili kunitafuta kule nyuma, nikampungia mkono.

Mchezo ulikwenda vizuri kuliko mazoezi yote. Nyundo ikagonga, taa ikawaka, ikagonga, ikawaka. Mwisho ulipaswa kuwa pigo moja, taa moja juu ya jiwe, kisha giza. Pigo likaja. Mkono wangu ukapanda. Badala ya giza, spika zikasema kwa sauti ya mama yangu:

"Kusoma sijui, mwanangu. Kile kitabu cha nyimbo nakishika tu, nafungua popote. Nyimbo nimezishika kwa sikio. Hata binti yangu hajui."

Kweli, sikujua. Nilijua pamoja na ukumbi mzima.

Ukutani, juu ya jiwe, maneno yale yale yakawa yanajiandika kwa herufi kubwa nyeupe. Hapo nikaelewa kwamba hata yule mpole alikuwemo. Kuyapanga maandishi yaende sambamba na sauti si kazi ya dakika moja. Alikaa na siri ya mama siku kadhaa, na siku hizo zote tulikula mihogo pamoja na kucheka.

Kitufe cha kushushia sauti kilikuwa shubiri moja kutoka mkono wangu wa kushoto. Ningeweza kukishusha. Nilitazama ule utepe, nikatii. Nami nina hasira na hao wawili, lakini hili ni langu peke yangu: nilitii sheria ya meza huku mama yangu akivuliwa nguo mbele ya watu. Na mkono wa kulia, kwa mazoezi yale, uliendelea kufuata sauti. Kila neno lake nililiwashia taa.

Watu walipiga makofi wamesimama. Mtahini alisema hajapata kuona ushirikiano wa namna ile, kwamba mtu hawezi kujua taa inakomea wapi na sauti inaanzia wapi. Tukapewa alama za juu kabisa.

Nilimkuta rafiki yangu nyuma ya ukumbi akikunja waya. Hakukana. Alisema mwisho ule ulikuwa mkavu, ulitaka binadamu ndani yake, na kama wangeniambia ningekataa.

"Ulimwambia umefuta," nikasema.

"Ilikuwa nzuri mno kufutwa," akajibu, akaendelea kukunja waya wake. Yule kijana alikuwa pembeni akitazama viatu vyake. Sijaongea nao tangu siku ile, na vyeti vyetu vimeandikwa alama sawa.

Akina mama wa kanisani walimzunguka mama langoni. Walikuwa wema, na wema ule ulimuumiza zaidi. Mmoja alimshika mkono kama anayemvusha mgonjwa barabara. 

Asubuhi ya Jumapili nilimwandalia chai, nikapiga magoti, nikaapa kwamba sikujua. Alinisikiliza hadi nikamaliza.

"Si uliniambia nyinyi watatu ni mtu mmoja?" akasema. "Hakuna anayefanya lake mwenzake asijue?"

"Nilisema hivyo, mama."

"Na ile taa iliyowaka na maneno yangu, ilikuwa ya nani?"

"Yangu, mama."

Akanywa chai yake. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Na pale ukutani, mliandika nini?"

Nikamwambia ni maneno yake, yale yale, yote.

"Watu wakayasoma," akasema.

"Wakayasoma, mama."

Akainuka, akafunga leso yake, akatoka kwenda kanisani mikono mitupu. Kitabu cha nyimbo kilibaki mezani, mbele yangu mimi ninayejua kusoma.