Pointi ya Sita

Sikuomba kufundisha besiboli, hilo lieleweke mapema. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, Mwiraqw wa hapa hapa Karatu, na mchezo pekee niliowahi kuucheza maishani ni rede, tena nikiwa darasa la nne. Lakini mwalimu wa hisabati aliyekuja kujitolea kutoka Japani alifika shuleni kwetu na begi zima la glavu, na mkuu wa shule akasema lazima timu iwe na mwalimu mwenyeji. Akanitazama mimi, kwa sababu siku hiyo nilichelewa kikaoni.

Uwanja wetu umeinama. Mpira ukikupita unateremka hadi kwenye mbaazi za jirani, na jirani mwenyewe ana mdomo. Karibu timu nzima ilikuwa ya vijana wa bweni, watoto wa wafugaji wa Olbalbal na kwingineko Ngorongoro. Lile gongo la kupigia mpira waliliita fimbo tangu siku ya kwanza, na jina likaganda.

Mchezo wenyewe si mgumu kueleza. Unapiga mpira, unakimbia kuzizunguka besi, yaani vituo vitatu vya uwanjani, na ukirudi salama pale ulipoanzia, panapoitwa nyumbani, umepata pointi. Dunia nzima, mpigaji akishapiga anaiacha fimbo chini ndipo anakimbia. Vijana wangu wapi! Walipiga, wakakimbia nayo. Nilipiga kelele hadi sauti ikanikauka: "Tupa fimbo! Tupa!" Nahodha wetu, kijana mrefu wa kidato cha nne kutoka Olbalbal, alinijibu kwa upole ulioniudhi zaidi.

"Madam, fimbo haitupwi. Ukikutana na fisi huko mbele utamwambia asubiri?"

"Kuna fisi besi ya pili?"

"Hatujafika bado, Madam. Hatujui."

Wenzake wakacheka hadi wakakaa chini. Mimi nilikasirika, nikaenda kuchukua kitabu cha sheria kwa Mjapani ili nimwonyeshe huyo nahodha mstari unaokataza. Nilikisoma wikiendi nzima, jalada hadi jalada. Mstari haukuwepo. Kilichokatazwa ni kumzuia mpinzani au mpira kwa ile fimbo. Kukimbia nayo tu, hakuna mahali. Nilimuuliza Mjapani mwenyewe, akajikuna kichwa muda mrefu, akasema kwao hajawahi kuona mtu akifanya hivyo, lakini ni kweli, haikatazwi. Jumatatu nikawaambia vijana: kimbieni na fimbo zenu, nani wa kuwazuia?

Mjapani ndiye aliyetueleza jinsi shule za kwao zinavyofika kwenye mashindano makubwa. Alichora milango miwili ubaoni. Mlango wa Agosti ni wa kushindana: kila mkoa unacheza mashindano yake, ukifungwa mara moja tu umerudi nyumbani, na mshindi wa mkoa ndiye anayekwenda. Mlango wa Machi ni wa kuchaguliwa. Kamati inakaa, inaangalia matokeo ya miezi iliyopita na mwenendo wa timu, kisha inapiga simu shuleni. Nafasi chache huwa zinatengwa kwa shule zilizopambana na shida: theluji nyingi, wachezaji wachache, majanga. Wanafunzi wanapanga mstari uwanjani wakisubiri simu iite.

"Sisi tutapita mlango wa Agosti," nahodha akasema. Hakuuliza mtu.

Mashindano ya taifa ya hapa kwetu, yanayofanyika Dar es Salaam, yaliigwa kutoka huko, milango yote miwili. Kanda yetu ilikuwa na nafasi moja ya kushindaniwa, na kamati ilibaki na nafasi moja ya kugawa. Kwa nahodha ulikuwa mwaka wa mwisho. Baba yake alishamwambia kwamba akimaliza mtihani anarudi kwenye ng'ombe, na safari ya Dar ndiyo kitu pekee alichomwomba mzee wake kabla ya hapo. Mzee akakubali: mkishinda, nenda.

Tulikwenda Arusha kucheza mechi za kanda. Ya kwanza tulishinda kirahisi. Ya pili, ya kuamua, tulikutana na shule ya mjini yenye jezi zinazofanana hadi soksi. Walituita majina, tukawaita majina. Hadi zamu ya mwisho ilikuwa tano kwa tano, na sisi ndio tuliokuwa tukipiga, tukiwa tumebakiza mtu mmoja tu wa kutolewa kabla zamu yetu haijaisha. Akaingia nahodha.

Aliupiga ule mpira jamani! Ulipita juu ya kila mtu, ukaenda kugonga ukuta wa choo. Akakimbia, fimbo mkononi, ameishika katikati kama wanavyoishika kwao, besi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mpira ulikuwa bado uko mbali alipokanyaga nyumbani. Sita kwa tano. Niliruka, mimi mtu mzima mwenye sketi ya kubana, na vijana wakammwagikia.

Refa akanyoosha ngumi. Ametoka, pointi haihesabiwi. Eti amekimbia na kifaa mkononi.

Nilifika mbele yake kabla sijajua kama nimetembea. "Nionyeshe mstari," nikamwambia, nikamfungulia kitabu.

"Madam, besiboli ina utaratibu wake."

"Ndiyo huu hapa, umeandikwa. Nionyeshe."

"Mimi ndiye refa," akasema, wala hakukitazama kitabu. "Rudi ukakae."

Sikukaa, ng'o, lakini mechi iliendelea. Iliongezwa zamu, wakapata pointi yao ya sita, sisi hatukupata. Mjapani alitukuta tumesimama kando ya gari, akatueleza kwamba kwao wanaofungwa huchota udongo wa uwanja wa yale mashindano makubwa na kuondoka nao kama kumbukumbu. Nadhani alitaka kutufariji. "Vumbi tunalo la kutosha nyumbani, Ticha," nahodha akamjibu, akapanda gari.

Wiki mbili baadaye ikaja barua. Mkuu wa shule aliisoma mbele ya wanafunzi wote kwa sauti ya harusi. Kamati imetupa ile nafasi yake, kama timu inayotoka katika mazingira magumu. Tunaombwa siku ya ufunguzi tuingie tumevaa shuka, na mmoja wetu aeleze mateso ya maisha yetu. Shule nzima ikapiga makofi.

Na hapa sijifichi. Mimi, na mdomo wangu wote ule, nilitaka tukubali. Niliwaita vijana darasani nikawaambia Dar ni Dar, mtacheza, mtaonekana, na wewe nahodha huna mwaka mwingine.

"Madam," akasema, "wakati unagombana na refa ulikuwa unasema tumeshinda."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unadanganya?"

"Hapana."

"Sasa mbona tunaomba?" Akaichukua barua mezani. "Mazingira magumu ni yapi? Ng'ombe wa baba wapo. Mimi nipo. Waandike tulishinda, tutakuja hata kwa miguu. Hawaandiki, wakae na shuka zao."

Nilitazama wengine nikitumaini mmoja atampinga. Hakuna. Niliandika majibu kwa mkono wangu, yakitoka kwenye moyo uliokuwa unauma: tutakuja kwa pointi yetu, hatutakuja kwa huruma yenu. Mkuu wa shule hakunisemesha mwezi mzima. Nafasi walipewa wengine. Nahodha alifanya mtihani wake, akafunga sanduku, akaenda Olbalbal.

Mwaka uliofuata, refa yuleyule aliita walimu kabla ya mechi, akatangaza kwamba kukimbia na fimbo ruksa, mradi usimzuie mtu. Alitangaza kana kwamba kaliota mwenyewe usiku. Hakuna aliyetuomba radhi, na matokeo yetu yakabaki vilevile kwenye daftari lao.

Juzijuzi nilipelekwa Wasso kusimamia mtihani. Nimeshuka kwenye basi, vumbi hadi kwenye kope, nikasikia, "Madam!" Alikuwa nje ya duka la dawa za mifugo, amekuwa mwanaume kamili, fimbo mkononi. Tulisalimiana, tukaulizana habari za nyumbani, kisha nikashindwa kujizuia. Nikamwambia nimekuwa nikijilaumu, kwamba kwa barua ile nilimnyima safari yake.

Alinishangaa. "Safari ilikuwa ya mshindi, Madam. Mzee nilimwambia tulishinda, na alichinja. Kwani wewe pointi ile umeiandika mahali?"

"Sijaiandika."

"Mwalimu mzima!" Akatikisa kichwa. "Andika."

Haya, naandika. Daftari lao linasema sita kwa tano, na mimi nasema sita kwa tano. Sita ni yetu.