Kiti Kilicholiwa na Mbuzi

Vikapu vya kwanza vya Ayampoka nilivinunua kabla sijamwona mwenyewe. Jirani yake alivileta sokoni Bolgatanga, vinne, na vyote vimeinamia kushoto. Nimefanya biashara ya vikapu miaka kumi na tisa, nikianza kwa kubeba vya wenzangu kichwani, na kikapu cha mvivu nakijua kwa mbali. Hivi havikuwa vya mvivu. Msuko umebana, mdomo umekunjwa na mkono usiokosea, halafu kitako kimeegemea upande kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Nilitoa nusu ya bei, jirani akapokea. Siku ya soko iliyofuata, siku tatu baadaye, vikaja vinne vingine, vimeinama vilevile. Nikapanda pikipiki kumtafuta msukaji, maana nilikuwa nimepata mteja Accra anayetaka vikapu arobaini vilivyosukwa na mkono mmoja, vilivyonyooka, kabla ya mvua za kwanza. Mvua ikishaanguka, wanawake wote wako shambani, na kikapu huoni.

Nilimkuta uani, ameketi chini anasuka. Paja lake la kushoto limelaliwa na msichana wa miaka mitano, shingo imelegea, mikono imekakamaa. Kila alipotaka kuvuta unyasi, Ayampoka alimzungusha mtoto mkono kwanza, ndipo akakifikia kikapu.

"Dada, vikapu vyako vimelewa," nikamwambia.

"Havijalewa. Vinampisha Lamisi."

"Mlaze chini, basi."

"Nikimlaza anapaliwa na mate yake. Nikimbeba mgongoni shingo inaanguka." Akanitazama. "Kumbe ndiye wewe uliyenilipa nusu?"

"Ndiye mimi."

"Nilidhani utakuwa mnene zaidi."

Ukutani, mama mkwe wake, Bibi Laadi, alikuwa anamenya karanga. Hakuinua kichwa. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba katika miaka mitano hakuwa amemtaja mtoto kwa jina. Alisema tu "huyo wako".

Ayampoka akanieleza kwamba kuna kikundi cha wazazi wenye watoto kama wake, kinakutana kila Alhamisi kwenye banda la shule. Wanafundishana kunyoosha viungo vya watoto na kuwalisha bila kuwapalia, na siku ya soko mmoja hubaki na watoto wote ili wengine waende. Yeye siku ya soko habanduki nyumbani. Mtoto wa kushikwa kutwa nzima, nani atabaki naye pamoja na wengine kumi? Lamisi alihitaji kiti cha kumshika, na cha kununua kilikuwa mbali na uwezo wao.

Alhamisi nikaenda. Sikwenda kwa huruma. Nilikuwa nataka arobaini yangu. Mkuu wa kikundi alikuwa Akolgo, mwanamume ambaye miguu yake ilikauka utotoni, anayezunguka vijiji vyote kwa baiskeli ya magurudumu matatu anayoiendesha kwa mikono. Mabega yake ni ya fahali na ulimi wake ni wa dalali.

"Kiti tunakitengeneza wenyewe," akasema. "Katoni na makaratasi yanabandikwa kwa uji mzito wa mtama, tabaka juu ya tabaka, kinaanikwa mpaka kiwe kigumu kama ubao. Nilifundishwa mjini. Uji tunao. Katoni anazo nani?"

Wote wakanigeukia. Stoo yangu ilikuwa imejaa katoni, na walijua.

"Nitazileta," nikasema, "ila vikapu vyote vya Ayampoka navichagua mimi kwanza mpaka mvua."

"Kuchagua sawa. Kwa bei gani?" akauliza Akolgo.

"Ile ile."

"Mama, mimi ndiye nisiye na miguu, lakini naona anayetambaa ni wewe."

Wanawake wakacheka mpaka watoto wakashtuka. Ayampoka akasema, "Kikinyooka, bei ya soko. Kikiinama, ile yako ya wizi."

Nikakubali. Nilipiga hesabu nikaona sitoki bure kwa vyovyote vile.

Kiti kilichukua wiki tatu. Kilikuwa na mgongo mrefu, mikono miwili, meza ndogo mbele na tundu za kupitishia kitambaa cha kumfunga kifuani. Siku ya mwisho kilianikwa uani, na Ayampoka akampeleka Lamisi kwa Akolgo akapimwe hicho kitambaa. Waliporudi, Akolgo akiwafuata kwa baiskeli yake, nilifika nao mlangoni. Beberu wa Bibi Laadi alikuwa amesimama juu ya kiti, anatafuna. Mgongo ulikwisha nusu, mkono mmoja haupo.

Ayampoka alisimama tu, mtoto begani. "Wiki tatu," akasema. Mvua zilikuwa zimebakiza wiki sita.

"Bibi," akasema Akolgo kutoka kwenye baiskeli yake, "mbuzi wako ameshiba kiti cha mjukuu wako."

"Mmepika uji wa mtama, mkaupaka kwenye karatasi, mkauanika uani kwangu. Mbuzi angejuaje kama si chakula?" Bibi Laadi akajibu. "Na huyo ametengwa kwa matanga ya mume wangu. Hapigwi."

"Nani kasema apigwe? Nauliza tu kama wazee watakubali mbuzi wa matanga mwenye katoni tumboni."

Bibi Laadi alicheka kabla hajajizuia. Akainuka, akamfukuza beberu, akakikwangua kiti kwa ukucha. "Nyie mnajenga ukuta halafu hamuusiribi?"

Tukatazamana. Kwetu hakuna mwanamke asiyejua kuchemsha maganda ya mti wa dawadawa mpaka maji yawe mekundu na machungu, akapaka ukuta wa nyumba usilowe mvua. Mimi mwenyewe nilipaka tangu sijaota matiti. Lakini Akolgo alifundishwa kiti mjini, penye rangi za dukani, na sisi tukakitazama kama kitu cha mjini. Hakuna aliyekiona kuwa ni ukuta mdogo.

Nikaleta katoni nyingine, bila kuongeza sharti. Muda ulikuwa unanila mimi pia. Kiti cha pili kilipokauka, Bibi Laadi, ambaye mikono yake ilisiriba nusu ya nyumba za kijiji kile, alikipaka mara tatu, akakisugua kwa jiwe laini mpaka kikang'aa. Beberu akaja, akanusa, akapiga chafya, akaondoka. Kisha bibi akachukua udongo mwekundu, mweupe na mweusi, akaanza kuchora pembetatu kama zile tunazochora kwenye kuta za nyumba. Alipofika kwenye mgongo wa kiti akasimama.

"Mleteni Lamisi nione kichwa chake kinafika wapi."

Ayampoka alimleta.

Vikapu vilianza kunyooka wiki ile ile. Nilipata thelathini na saba kabla ya mvua. Vitatu mteja alinisamehe. Vyote nilinunua kwa bei ya soko, tena Ayampoka alivileta mwenyewe, akasimama nami sokoni akiwa na mikono yote miwili kiunoni. Mkono wa bei rahisi nimeupoteza, na kikundi sasa kinanitazama kila kikitaka katoni: viti sita mpaka leo. Tena hasara haikuishia hapo. Wanawake waliozoea vile vilivyoinama, kwa kuwa vinakaa vizuri nyongani, bado wananiulizia, na sina cha kuwapa.

Lamisi anakaa kando ya mama yake. Nyasi zilizotiwa rangi huwekwa kwenye meza yake, naye humpa mama mmoja mmoja, kwa shida, kadiri anavyoweza kukamata. Mwezi uliopita nilikuta kikapu chenye mstari mwekundu palipotakiwa mweusi.

"Hiki kimekosewa," nikasema. "Punguza."

"Kimenyooka?"

"Kimenyooka."

"Basi tulikubaliana," akasema Ayampoka.

Nikalipa.